Kinue Isobata, Mshika Bendera wa Miamba ya Uwasaki

Mheshimiwa kasisi wa hekalu letu, ndugu na jamaa, majirani wa Uwasaki, na nyinyi mliotoka mbali kwa basi la asubuhi, familia ya Isobata imenipa mimi, Shizuno, mdogo wake wa kike marehemu Tokuji, kazi ya kuwasomea historia ya wifi yangu, na watoto wamenisihi nisome yaliyoandikwa tu nisiongeze langu, ila wenyewe wanajua karatasi wamempa nani.

Marehemu Kinue alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 katika kijiji cha Kamitani, kule juu milimani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Yosaku Kuwabara na mkewe Ito, wakulima wa mpunga na wafugaji wa viwavi wa hariri, watu ambao bahari waliijua kwa samaki wa chumvi waliopandishwa mgongoni mara mbili kwa mwaka. Alianza shule ya msingi ya Kamitani Aprili 1944, akaendelea na shule ya kati mjini Minezu, akahitimu Machi 1953, hodari wa hesabu na mbishi wa kupindukia, hata mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu akiambiwa jambo lolote huuliza sababu, na baba yake alipoisoma akasema, "Basi huyo ni wetu, hawajakosea jina."

Mwezi Mei mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha kufuma vitambaa mjini Minezu, akafanya kazi huko miaka minane kasoro, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mashine ishirini, na mashine hizo zikamharibu sikio la kushoto, ndiyo maana maisha yake yote alizungumza kama mtu anayeita feri iliyokwisha kuondoka. Wageni walidhani anagomba. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba akigomba kweli hunong'ona, na hapo ndipo mtu ulipaswa kutafuta mlango.

Tarehe 21 Aprili 1961 alifunga ndoa na kaka yangu Tokuji Isobata, fundi wa boti, akateremka Uwasaki na sanduku moja la nguo, hajui kuogelea, na mpaka anaingia kaburini hajui. Mama mkwe wake, marehemu mama yetu Tome, alimfundisha kuvuna mwani wa mwambani, ule mweusi mwembamba ambao sisi huku huukausha juu ya mikeka ya matete na kuula na wali majira ya baridi, na majira yake ya kwanza Kinue aliteleza mara nne katika asubuhi moja, nami kwa utovu wangu wa adabu nikamwambia mbele ya watu, "Wifi, mwani huvunwa kwa mkono, si kwa makalio," naye akasimama, maji yanamchuruzika, akanijibu, "Na wewe je, unauvunia mdomo?" Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki, na tulikosana sana kama marafiki wanavyokosana.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Masahide aliyezaliwa tarehe 8 Juni 1962, Chiaki aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1965, na Sukeo aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1969 akafariki akiwa na siku kumi na moja, na huyo mdogo hakumtaja mara nyingi, lakini kila mwaka mwani wa kwanza aliuweka mbele ya kibao chake cha kumbukumbu kabla mtu yeyote wa nyumbani hajaonja.

Sasa niwaeleze habari ya bendera, kwa sababu wapo humu waliotoka mjini. Kila Novemba wanawake wa Uwasaki tunasugua miamba kwa brashi ya waya na vikwangulio mpaka iwe mitupu, ili mbegu za mwani zishike, na baada ya hapo miamba inafungwa, hakuna mguu unaokanyaga, awe mwenyeji, awe mgeni, awe mke wa diwani, mpaka asubuhi ambayo mshika bendera ataona mwani umetosha na bahari imetulia, apandishe bendera nyeupe kwenye mlingoti wa mwanzi mwisho wa ukuta wa bahari, ndipo sote tuteremke kwa pamoja. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyotuachia, na ndivyo mjane asiye na nguvu anavyopata fungu sawa na mwenye wana sita.

Desemba 1982 kuna mtu aliichukua bendera pale kwenye kijumba cha maombi ilipokuwa ikiwekwa, akaipandisha mapema kwa ujanja wake, na miamba ikachunwa mwani ungali mchanga, tukala majuto majira yote. Kwa hiyo tulipomchagua Kinue kuwa mshika bendera tarehe 4 Novemba 1984, mtu wa mlimani, wa kwanza ambaye hakuzaliwa hapa, jambo lake la kwanza lilikuwa kuitia bendera ndani ya sanduku nyumbani kwake, akalipiga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Tulimpigia makofi. Sote, na mimi nikiwemo, tena nilipiga kwa nguvu.

Alhamisi tarehe 7 Januari 1988 meli ya shehena ya kigeni iitwayo Berga Linn, iliyosheheni magogo, ilikatika usukani ndani ya dhoruba, ikapanda juu ya mwamba wa Kabuto, kilomita sita kutoka hapa tulipo, mabaharia wake wote wakaokolewa kwa helikopta, na tumbo lake likapasuka pale penye matangi ya mafuta mazito ya injini. Ijumaa redio ilisema mafuta yanaelekea kusini. Jumamosi tarehe 9 manispaa ikawaita wakuu na washika bendera wa vijiji vyote vya pwani kwenda Minezu kuelezwa habari za maboya ya kuzuia mafuta, na Kinue akavaa suti yake nyeusi na viatu vya kisigino, akapanda basi la saa kumi na mbili na nusu, ufunguo uko shingoni kama kawaida.

Saa mbili asubuhi upepo uligeuka, mafuta yakaingia Uwasaki. Kwanza ilikuja harufu, watu wakadhani jiko la mafuta la mtu limemwagika, kisha tukaona wimbi haliviringiki, linajikokota, jeusi, zito, halina povu, linalala juu ya miamba kama uji. Tulitoka wanawake arobaini na watatu na ndoo zetu na kata zetu za kuchotea, tukafika ukutani, tukasimama. Bendera ilikuwa haijapanda. Mtu wa kwingine hataelewa, atasema wehu hawa, nyumba inaungua wao wanangoja hodi, lakini mguu wa mwanamke wa Uwasaki haushuki kwenye miamba iliyofungwa, haujui namna. Fusae, aliyekuwa ndiyo kwanza ameolewa, alishusha mguu mmoja, na mtu akamvuta mkono, akamwambia, "We! Bendera haijapanda," naye akaurudisha. Tulisimama saa mbili na dakika ishirini. Mafuta ambayo yangechotwa yangali yakielea tuliyatazama yakipigwapigwa na mawimbi, yakinenepa, yakiingia ndani ya nyufa moja baada ya nyingine.

Kinue aliyaona mafuta kutoka dirishani mwa basi la kurudi, kule juu kwenye kona. Wanaosema dereva alisimamisha basi kwa hiari yake hawamjui wifi yangu. Aliteremka mbio, kiatu kimoja akakiacha barabarani, akatupita sote pale ukutani bila kutuuliza neno, hakwenda hata nyumbani kufungua sanduku, akavua kitambaa cheupe alichojifunga shingoni, akakifunga kwenye kamba ya mlingoti, akakipandisha. Kisha akageuka, akatutazama na ndoo zetu safi mikononi, na akanong'ona. Alisema, "Mmekuwa mkinisubiri mimi." Ndipo tukateremka, yeye mbele, na soksi.

Siku sabini na moja tulichota. Siku ya pili ndoo za kawaida na kata zetu fupi zilishatushinda, mtu anainama mpaka uso unagusa, na harufu inampasua kichwa, wazee wawili wakaanguka kwa kizunguzungu, na wataalamu waliokuja na pampu zao wakakuta pampu zinasakamwa na mafuta mazito na mwani na vipande vya magogo, hazivuti kitu. Kinue akapiga simu Kamitani kwa kaka yake, akapaza sauti mpaka nadhani simu haikuhitajika, "Kaka, nileteeni kata za choo! Zote! Zile ndefu!" Mchana wake likateremka lori la kijiji cha mlimani na kata sitini za mipini mirefu, zile ambazo wakulima walikuwa wakichotea samadi ya choo kupeleka mashambani, na wazee wa manispaa wakacheka, wakacheka tena, halafu wakaziomba. Zile kata ndizo zilizoiokoa Uwasaki, nalitamka hili mbele ya jeneza. Tulijipanga kutoka majini hadi barabarani, mwenye kata, mwenye ndoo, mpokeaji, mpokeaji, mpaka kwenye mapipa, na watu wa bara wakaja, wanafunzi, wake wa wafanyakazi, mafundi nywele wa Minezu waliofunga duka lao, theluji ikiwadondokea, na mchana Kinue aliwagawia vitonge vya wali vilivyofungwa kwa mwani wa mwaka uliotangulia, wa mwisho tuliokuwa nao, na tulipomlaumu kwamba anaumaliza alisema, "Wacha wale. Mtu hawezi kuosha asichokijua ladha yake."

Tarehe 26 Januari ulifanyika mkutano katika ukumbi wa kijiji. Mkandarasi alikuwa ameleta mashine za kupiga maji ya moto, akaahidi kwamba miamba yote itakuwa nyeupe kwa siku nne, na mwenyekiti wa wavuvi wakati ule, marehemu mzee Genzaburo Awaji, alisimama akasema wanawake wamechoka, mikono imechubuka, wageni wa kuoga watakuja majira ya joto, jamani tukubali tumalize. Watu wakaitikia. Na haki walikuwa nayo, mimi nilikuwa na malengelenge kumi na saba, nilishayahesabu. Kinue akainuka, akasema, "Mashine zioshe ukuta, zioshe gati, nashukuru. Lakini mwamba ukiuchemsha utakuwa safi, naam, hata sufuria yangu ni safi, nani hapa amewahi kuvuna mwani kwenye sufuria?" Wakacheka, lakini hawakukubali. Mzee Awaji akamuuliza, kwa heshima lakini kwa ukali, "Mama Masahide, wewe ni mtu wa mlimani. Ukikosea, nani atatulipa miamba yetu?" Akajibu kwa kunong'ona, na wote tuliomfahamu tukautafuta mlango kwa macho, "Nimekwisha kuwakosea mara moja, saa mbili na dakika ishirini. Nipeni upande wa magharibi tu. Mwani usiporudi, nitarudi Kamitani na sanduku nililokuja nalo."

Wakagawana. Miamba ya mashariki ikapigwa maji ya moto, na kwa siku nne kweli ikang'aa, ya magharibi ikaoshwa kwa mkono, kwa vijiti vya mwanzi na vitambaa na mikeka ya majani ya mpunga, ufa kwa ufa, mpaka tarehe 19 Machi 1988. Kufikia hapo tulikuwa tumebaki wanawake tisa.

Majira ya baridi yaliyofuata hakukuota kitu, si mashariki si magharibi. Na yaliyofuata tena, hakuna. Kila Novemba alitutoa kusugua miamba mitupu, na kila alfajiri ya Desemba alikwenda ukutani, akatazama, akarudi, na watu walianza kumuuliza kwa mzaha usiochekesha, "Mama Masahide, sanduku limeshafungwa?" Kaka yangu Tokuji alinisimulia kwamba sanduku lile la nguo lilikuwa limetolewa kabatini, liko chini ya dirisha, na kwamba yeye hakuthubutu kuuliza.

Tarehe 20 Desemba 1990 alinijia jikoni, akanikamata mkono, akanipeleka magharibi, akanionyesha. Ulikuwa mwembamba, mfupi, wa urefu wa ukucha, lakini mwani, miamba mitatu mizima. Mashariki palikuwa bado peupe, na pangekaa peupe miaka mitano mingine. Nikapiga kelele, nikamwambia pandisha bendera, akasema hapana. Akasema mwaka huu tuuache umwage mbegu. Nilimwita majina ambayo sitayasoma mbele ya kasisi, kijiji kizima kilimkasirikia, miaka mitatu bila mwani halafu umeota na mtu anatukataza, na mimi sikusema naye mwezi mzima, akipita barabarani nageuza uso. Alisalimia vilevile, kwa sauti ileile, mpaka majirani wakawa wanaitikia kwa niaba yangu.

Jumamosi tarehe 4 Januari 1992, saa moja asubuhi, Kinue Isobata alipandisha bendera nyeupe, na miamba ya magharibi ilikuwa myeusi kwa mwani mpaka majini. Mzee Awaji aliteremka na buti zake mpaka ukutani, akamwinamia kichwa, akabaki ameinama kwa muda mrefu mpaka wifi akamwambia, "Mzee, inuka, utaganda." Jioni yake sanduku la nguo lilirudi kabatini.

Na siku ya pili yake alilifungua lile sanduku jingine, la bendera, akang'oa kufuli kwa patasi ya mumewe, akaleta bendera ukutani na kuitundika kwenye msumari chini ya mlingoti, wazi, na katika mkutano wa tarehe 18 Januari akapitisha jambo ambalo halijawahi kuandikwa huku, kwamba siku ambayo kungoja kutaleta madhara, mkono wowote wa Uwasaki unaweza kuipandisha, na atakayeipandisha hataulizwa. Tangu hapo kila bibi harusi anayeingia kijijini alimpeleka ukutani, akamshikisha kamba, akamfanya aipandishe na kuishusha mara tatu, na akiuliza ni kwa nini, Kinue alifurahi sana.

Aliendelea kuwa mshika bendera hadi Novemba 2011, alipomkabidhi mkwe wake Sonoe, mke wa Masahide, na mumewe mpenzi Tokuji alikuwa amekwisha kutangulia tarehe 14 Oktoba 2004. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Mwezi Agosti 2018 alianza kulalamika tumbo, yaani alianza kukataa wali, kwa maana kulalamika hakukujua, na tarehe 3 Septemba madaktari wa hospitali ya Minezu waligundua kansa ya kongosho iliyokwisha kuenea. Alitibiwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena tarehe 19 Desemba. Tarehe 10 Januari mwaka huu nilikwenda kumwona, hakuniuliza habari yangu, aliuliza, "Mwani umefika wapi?" Sonoe akamwonyesha kwa vidole. Akatikisa kichwa, akasema, "Bado siku tatu nne. Shizuno, nikifa na bahari ikatulia, msinifanyie upuuzi wa kukaa msibani." Nikamwambia, "Wifi, ukifa wewe bahari itatulia kwa kupumzika na kelele zako." Alicheka mpaka muuguzi akaja. Alifariki Jumapili tarehe 13 Januari 2019, saa kumi jioni, watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika mikono, akiwa na umri wa miaka themanini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya tatu, waliovumilia sauti yake, majirani waliozoa theluji mlangoni pake tangu Desemba bila kuombwa, watu wa Kamitani, ambao leo tena wameteremka, kikundi cha wanawake cha mwani, na wale wa bara walioshika kata miaka thelathini na moja iliyopita na wakaendelea kumwandikia barua kila mwaka mpya.

Karatasi imeishia hapo. Masahide, usinitazame hivyo, nakaribia kukaa.

Mkono uliomvuta Fusae pale ukutani ulikuwa wangu. Aliyesema bendera haijapanda ni mimi. Nilikuwa nimezaliwa hapa, nilikuwa naijua bahari kuliko yeye, kama ningenyamaza Fusae angeteremka na arobaini na mmoja wangemfuata. Nilimwambia Kinue wiki ileile, jikoni kwake, nikilia, na yeye akaniambia, "Ulifuata sheria niliyoipiga kufuli mimi. Osha vyombo." Hakunitaja kwenye mkutano walipomkaba, hakunitaja sanduku likiwa chini ya dirisha, hakunitaja hata mwezi ule niliomnunia. Leo najitaja mwenyewe.

Alfajiri nilipita ukutani. Bahari imetulia kuliko siku yoyote tangu mwaka uanze, mwani umelala juu ya miamba, na redio inasema kuanzia kesho upepo wa kaskazini siku tano. Mshika bendera wetu Sonoe yuko hapa mbele, amevaa nyeusi, na kwa desturi yetu mwenye msiba nyumbani mwake hawezi kukaribia miamba, na wavunaji wote kumi na saba mmekaa nyuma yake mmeshika shanga za maombi, mnangoja tumalize. Nimewaona mkichungulia dirishani. Basi chungulieni vizuri, iko juu, nimeipandisha mimi, saa moja kasorobo, kwa mkono huuhuu.

Tumsindikize hadi garini, kisha mvue viatu vya msiba mteremke.

Kinue, wifi yangu, lala kwa amani, hakuna anayekusubiri.